Nyuzi za Besi Zimenishinda, na Harusi ya Najma Imekaribia

Mpendwa dada Marietha,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya wewe na wanao, na kile kifua ulichotueleza gazetini kimeshaachia. Sie huku Gongo la Mboto tunamshukuru Mungu, vumbi tu ndilo linatusumbua. Naomba unisaidie, maana jambo lenyewe nikimweleza mtu ananicheka, hata mke wangu Flaviana alicheka, ila yeye alikatisha kicheko, nikajua ameona naumia.

Mie ni mpiga gitaa la besi. Shule niliishia darasa la saba, lakini besi nimelishika tangu ujana kwenye bendi yetu ya dansi kule Temeke, bendi ndogo tu, ya harusi na kumbi za jirani, na mwimbaji wetu alikuwa Mashaka, mtu wa Lindi, Mwislamu wa swala tano, rafiki yangu kuliko ndugu wa tumbo moja. Kwaresima ikifika ananiambia, "Kasimiri, nyama umeacha wewe, mie nakulia na fungu lako," na Ramadhani mie ndiye nilikuwa nampelekea tende. Dada, bendi ile haikuwa na chombo chochote cha kupimia sauti. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba kabla ya kuanza Mashaka anasimama katikati, anasafisha koo, anaimba sauti moja ndefu pale anapojisikia raha, na sie wote tunalegeza au tunakaza nyuzi mpaka tumfikie. Mpiga solo alikuwaga analalamika kwamba ni chini mno, na Mashaka anamjibu, "Braza, gitaa lako lina funguo, koo langu halina. Nifuate." Tunacheka, tunamfuata.

Na nyuzi zangu zilikuwa zile bapa, ambazo waya wake wa juu umelazwa kama utepe, ukipitisha kidole husikii mikwaruzo, kinateleza kama kwenye shanga za rozari ya bibi. Nikizibonyeza zinakubali, zinazama taratibu kama godoro la sufi. Flaviana alikuwa akisema sauti yake haisikii masikioni, anaisikia miguuni, akiwa uani anakoroga ugali.

Mashaka alitangulia mbele ya haki, na mie nikalitundika gitaa ukutani, sikuwa na hamu nalo tena, mpaka Pasaka hii kwaya ya kigango ikaniomba. Uzi mmoja ulikuwa umekatika, basi Fredrick anayepiga kinanda akaniletea seti mpya kutoka Kariakoo, nikamsisitizia ziwe bapa, na kweli ni bapa, akanipangia sauti kwa simu yake, ile inayowaka kijani uzi ukikaa sawa. Dada yangu, tangu siku hiyo nyuzi ni ngumu kama kamba ya kuanikia nguo ya kambini. Nabonyeza hazibonyei, navuta zinanirudisha, wimbo mmoja tu kiganja kinawaka moto. Nikamwambia Fredrick, akasema, "Mzee wangu, nyuzi ni zilezile bapa ulizotaka. Hapo ni umri." Kwenye kwaya navumilia kwa sababu nyimbo ni fupi.

Sasa Najma, binti wa Mashaka, anaolewa mwezi ujao. Alikuja nyumbani, "Shikamoo baba mdogo," akaketi mkekani na Flaviana, akasema, "Baba mdogo, siku yangu sitaki DJ peke yake. Nataka ile nyimbo ya baba aliyonitungia nilipozaliwa. Besi upige wewe, mie nitaimba." Nikaitikia kwa furaha. Alipoondoka nikashusha gitaa nijaribu, na ubeti wa pili sikuufikia, ile sehemu ya kuteleza toka juu mpaka chini, ambayo Mashaka alikuwa ananigeukia na kutabasamu tukiifikia, mkono ulikataa kabisa. Nililia, dada, mtu mzima. Nikampigia Najma nikamwambia, "Mwanangu, tafuta mwingine, mikono ya baba yako mdogo imezeeka." Akasema, "Basi, baba mdogo. Usipopiga wewe, haipigwi."

Tangu hapo sina raha. Nimesali sana, na nawaza labda Mungu ananiambia muda wa kipaji chake umekwisha, nimrudishie, nilitoe hilo gitaa kwa kwaya nikae na watu kwenye benchi. Lakini nikilitazama pale ukutani namwona Mashaka. Je, niliachie au nifanyeje? Naomba unijibu mapema, binti anasubiri.

Ndimi ndugu yako katika Kristo,
Kasimiri, Gongo la Mboto

MARIETHA ANAJIBU

Kaka Kasimiri, milele amina. Kifua kimeachia, ahsante kwa kuuliza, na pole kwa msiba wa rafiki ambaye naona bado hujamzika vizuri.

Mie gitaa silijui, kwa hiyo barua yako nilikwenda nayo Mwenge, kwa fundi wa magitaa aliye nyuma ya wachongaji wa vinyago. Alisoma huku anatabasamu, akaniuliza, "Huyu bwana mikono inamuuma akibeba ndoo?" Nikasema hajaandika hivyo. Akasema, "Basi mikono ni mizima. Nyuzi zimevutwa mno."

Sikiliza sasa. Bapa maana yake uzi ni laini kuguswa. Haina maana ni rahisi kubonyea. Ugumu unatokana na unavyovutwa, na nyuzi bapa kwa kawaida huwa kaidi kidogo, hasa zikiwa mpya. Uzi uleule ukiupandisha sauti unakaza, ukiushusha unalegea. Tena uzi mnene, ili utoe sauti sawa na mwembamba, lazima uvutwe zaidi, na fundi anahisi hizo alizokuletea Fredrick ni nene kuliko zako za zamani. Mashaka wako alikuwa anaimba chini, mwenyewe umeandika mpiga solo alilalamika. Kwa hiyo miaka yote hiyo besi lako lilikuwa limelegezwa kuliko kipimo cha simu ya Fredrick, na wewe ukadhani ule ulaini ni wa nyuzi. Ulikuwa wa koo la rafiki yako, kaka. Ndiyo maana umeukosa.

Sasa nikugombeze. Wewe ni mtu wa sala, unajua vizuri kwamba kabla ya kusema Mungu amesema, mtu huuliza. Umemsingizia Mungu kazi ya simu! Umemvunja moyo binti yatima kabla hujageuza hata ufunguo mmoja wa gitaa. Na huyo Fredrick, mpe salamu zangu, mwambie umri wa mtu haupimwi kwa uzi.

Fanya hivi. Shusha nyuzi zote nusu sauti, yaani hatua moja ndogo ya kinanda, upige, uone. Zikiwa bado ngumu, shusha nusu nyingine, lakini usizidishe, zitaanza kutapatapa kama kamba ya ng'ombe. Shingo ya gitaa sasa imezoea kuvutwa kwa nguvu, ukilegeza inaweza kunyooka na nyuzi zikagonga vile vyuma vyake. Zikigonga lipeleke kwa fundi, ile skrubu ya shingoni usiiguse mwenyewe. Baadaye ukipata nafasi tafuta bapa nyembamba, mwambie muuzaji unataka za mvuto mdogo, usiseme bapa tu halafu ukanyamaza. Kwenye kwaya, kinanda cha Fredrick kina kitufe cha kushusha sauti nusu nusu vilevile, akibonyeze mkutane huko chini. Akina mama wa sauti ya kwanza watakushukuru, nao wanateseka juu kimyakimya.

Kutoa gitaa kwa kwaya usinitajie tena. Kipaji hakirudishwi kwa sababu ya waya.

Lakini kwa ajili ya harusi, hizo nusu sauti zote ziweke kando. Mpigie Najma leo, mwombe radhi, mwambie aje na Flaviana aandae chai. Fredrick azime simu. Msimamishe binti katikati ya sebule, aimbe sauti moja ndefu pale anapojisikia raha, nawe ugeuze funguo taratibu mpaka umfikie. Akikuuliza, "Baba mdogo, mbona unanifuata mie?" mwambie gitaa lina funguo, koo halina. Atajua ni maneno ya nani.