Gari la Kibaoni Limejaa

Odeta, uko? Usinicheke kwanza, nimechoka mpaka mifupa.

Unaikumbuka ile programu yangu ya magari? Jana kwenye mkutano wa stendi nilibishana na madereva mbele ya watu. Nikawaambia nyie mnadanganya abiria kwamba gari linaondoka, sasa konda atabonyeza simu kila siti ikikaliwa, na gari likijaa, ndugu wa kule wanapata meseji kwamba linaondoka.

Leo nikapanda mwenyewe Noah ya Kibaoni niijaribu. Siti zikajaa. Konda Cletus akabonyeza nilivyomfundisha. Mama akapata meseji, akanijibu, "Haya mwanangu, nakuja barabarani kukupokea." Nikafungua kitabu changu, nikatulia.

Akaja bibi mmoja na kuku wake. Jamaa wa pembeni yangu akashuka kumpisha. Akaja abiria mwingine, akashuka jamaa mwingine. Odeta, ni wapiga debe! Gari zima! Wamekaa tu ili gari lionekane limejaa, watu wavutike. Na programu yangu imewahesabu wote!

Mama anapiga simu, "Mbona siwaoni? Jua linaniunguza huku."

Mchana wote. Mchana wote, Odeta.

Mwishowe Cletus akanigusa bega, "Dada, na wewe shuka, mpishe abiria."

Nikamwambia mimi ni abiria.

Akashangaa kweli kweli. "Abiria gani anasoma kitabu tu, haulizi hata tunaondoka saa ngapi? Sisi tulijua na wewe uko kazini."