Sabuni Yangu Imefunga Kisima

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisikilize maana sina mwingine wa kumwambia. Mimi ni mwosha vyombo katika maabara ya chuo, kazi niliyotafutiwa na wifi yangu, mke wa kaka, ambaye anasomea udaktari wa kemia na ametengeneza dawa inayong'aa chini ya taa ya zambarau ikikutana na madini ya risasi kwenye maji, sasa sabuni ya maabara iliisha nikaleta ya unga ya kufulia kutoka nyumbani, na kwa kuwa bomba letu linadondosha tu nikawa nasuuza mara moja badala ya tatu, na juzi nimeinama kufuta meza chini ya ile taa nikaona mikono ya koti langu, lililofuliwa kwa sabuni ileile, inang'aa buluu kuliko hata vipimo vyake, nikajua kinachong'aa kwenye chupa huenda ni sabuni yangu wala si risasi, na kwa majibu ya vipimo hivyo kisima cha mtaa wa mama kimefungwa na mama na miaka yake sabini anafuata maji ng'ambo ya barabara kuu, na wifi hawezi kushtuka kwa kuwa chupa ya kulinganishia, ile ya maji safi, huiosha mwenyewe, hamwamini mtu, kwa hiyo hiyo haing'ai, na Ijumaa anatetea tasnifu yake. Nimwambie baada ya Ijumaa, furaha ikishatulia? Nipe maneno ya kumlainisha.

Mwosha Vyombo

Mwosha Vyombo, pole, lakini umenichosha. Maneno ya kumlainisha sina, na ningekuwa nayo nisingekupa. Unasema unamhurumia wifi yako, kumbe unamwacha asimame mbele ya maprofesa akitetea sabuni ya kufulia. Huruma gani hiyo? Kuleta sabuni si kosa kubwa, vitu huisha. Kosa ni kwamba tangu juzi umeona kwa macho yako na umekaa kimya ukihesabu siku. Na usijidanganye kwamba kisima ni salama. Sasa hivi hakuna anayejua kama yale maji yana risasi au hayana, na hapo ndipo ulipowafikisha wenzako.

Kesho asubuhi, kabla hajavaa glavu, mwite. Osha chupa kama ulivyokuwa ukiosha, tia maji safi bila dawa yake, iweke chini ya taa, kisha nyamaza aone mwenyewe. Atafoka, mwache afoke. Halafu sema ni wewe, usisingizie bomba. Vyombo vyote vioshwe upya, vipimo virudiwe, Ijumaa iahirishwe. Kazi inaweza kuota mbawa, ndiyo.

Na mpaka majibu mapya yatoke, maji ya mama yako utayafuata wewe, kila siku kabla ya kwenda kazini. Akikushukuru, mwambie kwa nini kisima kilifungwa.