Kabureta Niliyomficha Baba

Mpendwa mshauri, naandika nikiwa kwenye kibanda changu cha kushonea, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia, maana mwenyewe nimeshajikasirikia vya kutosha na bado sijui nishike lipi.

Mimi ni binti, fundi cherehani, kitinda mimba, ndiye niliyebaki nyumbani na wazazi. Baba alikuwa dereva maisha yake yote, alibeba mbao kwa pikapu yake mwenyewe, ile ya zamani ya kijani yenye taa za mviringo, ambayo siku hizi ukiulizia spea zake dukani muuzaji anakucheka waziwazi. Injini ilikufa zamani, gari likakaa uani juu ya matofali, kuku wakataga ndani, na mama akawa analiita mke mwenziwe, ila anasema mke mwenza wa kweli angalau angemsaidia kufagia.

Baba alipostaafu aliamka asubuhi moja akasema anaifufua pikapu yake, na tangu hapo hajatulia. Hakuna uwanja wa vyuma chakavu ambao hatujaukanyaga, mimi nikimfuata siku ambazo sina kazi za watu. Klachi tuliipata kwa mzee mmoja aliyekuwa ameifanya uzito wa kuzuilia geti lake, na mlango wa kushoto tuliukuta umezibia banda la mbuzi, na mwenye mbuzi akakataa katakata kuutoa mpaka baba alipomtengenezea mwingine wa mbao. Kila tulichopata, fundi wa gereji, rafiki yake wa tangu ujana, alikifunga, ikabaki kabureta tu, kwa sababu hizi za kisasa ama haziingii, ama zikiingia injini inakohoa mara mbili tatu inazima.

Sasa ni katika kuzunguka huko ndipo nilipoanza kuona mambo. Baba alinipa chuma nimsomee namba iliyochorwa, akasema miwani ameisahau nyumbani, na miwani alikuwa ameivaa. Nikaanza kumwangalia, nikaona akimimina chai anatia kidole kikombeni ajue imefika wapi. Kisha siku moja fundi akamwomba amsogezee gari la mteja ndani ya gereji, na mlango wa gereji ile unapitisha lori, baba akaligonga ukutani. Fundi akacheka, akasema mkono umelala, baba akasingizia breki, lakini mimi nilimwona uso, na yeye hakucheka.

Haukupita muda, mteja wangu mmoja aliyekuja kupunguza gauni alinisikia nikilalamika habari za spea, akaniambia kaka yake ana injini kuukuu ameitupa nyuma ya nyumba. Nikaenda, na kabureta ilikuwa pale pale, nzima, mpaka skrubu zake za asili. Nikamshonea yule kaka mashati, akanipa. Nilirudi nayo kwenye mfuko wa vitambaa nikitamani kukimbia njia nzima, na nilipoingia uani nikamkuta mama yuko ndani ya pikapu anapima kiti kwa kamba, akaniambia nimshonee vitambaa vya siti vizuri, kwa sababu baba amemwahidi gari likiwaka tu safari ya kwanza ni kwa dada yake, ng'ambo ya milima, na yeye atakaa mbele. Mshauri, niliiona ile barabara kichwani na kona zake zote, nikapita na mfuko wangu moja kwa moja hadi chumbani. Kabureta iko chini ya kitanda changu, kwenye beseni, nimeifunika shuka. Nguo zangu zinanuka petroli, na mama akiuliza nasema ni ya gereji.

Nilidhani nitaificha siku chache tu mpaka nipate maneno, imekuwa miezi. Na baba hakai. Anakula amesimama, kikombe mkononi, macho getini. Siku nikiwa na kazi anaenda peke yake, na juzi amerudi paji la uso limepasuka, anasema kuna mtu kampiga kikumbo, kumbe mwenye uwanja baadaye akaniambia aligonga chuma kilichokuwa kinaning'inia mbele yake mchana kweupe. Nilipokuwa namsafisha damu nikamsihi apumzike, gari si lazima. Akajibu polepole, "Nikiacha kuitafuta hiyo kabureta, mwanangu, nikae hapa nifanye nini?" Nikaendelea kumfuta damu, na kabureta ilikuwa nyuma ya ukuta ule ule alioegemea.

Sasa dalali amemwambia kuna pikapu kama yake imetelekezwa kwenye kiwanda cha mbao huko mbali, na wiki hii anadandia lori aifuate, peke yake, begi ameshafunga. Nikimpa nitakuwa nimemuua, yeye na mama, na nisipompa atapotelea njiani akitafuta kitu ninachokilalia. Vitambaa vya siti nimeshamaliza kuvishona, navikunja navikunjua. Nifanyeje?

Mwenye Cherehani

*

Binti yangu,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na sasa niruhusu nikukasirikie kidogo.

Unampenda baba yako, hilo halina ubishi. Lakini umemhurumia mpaka umemgeuza mtoto wa kufichiwa kiberiti. Mtu aliyeendesha maisha yake yote, akaligonga gari kwenye mlango unaopitisha lori, unadhani hajui macho yake yana nini? Anajua kuliko wewe. Anachongojea, na anachokiogopa, ni mtu wa kulisema. Fundi amecheka, wewe umenyamaza, na mama haoni au hataki kuona. Mmemwacha peke yake na jambo hilo, halafu unashangaa hakai.

Na kingine kimenitoa jasho. Katika barua yote hii ndefu, umetaja gereji, banda la mbuzi na dalali, hukutaja daktari hata mara moja. Nani amekwambia macho hayo ndiyo basi tena? Huenda ni mtoto wa jicho, watu wanafanyiwa upasuaji wanarudi kusoma magazeti. Huenda ni ugonjwa mwingine unaokula jicho kila siku unayochelewa. Sijui, na wewe hujui. Umemhukumu baba yako upofu ukiwa umekaa kwenye cherehani.

Basi fanya hivi. Lile lori lisiondoke naye. Toa beseni chini ya kitanda, mwite baba chumbani kwako, peke yake, bila mama na bila fundi, umwekee kabureta mkononi. Mwambie uliipata lini na kwa nini uliificha, na neno "macho" ulitamke, usizunguke. Atakasirika. Mwache akasirike, usilie ili akuhurumie, ni haki yake. Akinyamaza, kaa naye hapo hapo.

Kesho yake mpeleke kwa daktari wa macho. Akikataa, hapo mwambie mama, mbele yake, maana ni yeye anayeandaliwa kukaa kile kiti cha mbele na ana haki ya kujua anapanda nini. Fundi naye mwambie afunge kabureta kwa raha zake, wasikilize injini ikinguruma wafurahi, lakini ufunguo akae nao yeye fundi mpaka daktari aseme. Daktari akisema hapana, wewe una macho na mikono, ukajifunze kuendesha. Baba hajakosa kazi, atakaa pembeni akugombeze kila ukikosea gia, na nakuhakikishia hatakula tena amesimama.

La mwisho. Jina lako sikuandika, na rangi ya gari nimeibadilisha, lakini pikapu ya aina hiyo mtaani kwenu haiwezi kuwa mbili. Gazeti hili huwafikia wauzaji asubuhi. Funga kibanda uende nyumbani sasa hivi, baba asikie kutoka kwako kabla hajasomewa na jirani.