Chungu Kilichopasuka Siku ya Tiara

Olpad, mwisho wa Januari

Dada yangu mpendwa Falguni,

Pokea salamu zangu, na za Baba na Mama. Natumaini wewe na shemeji Ketan mu wazima, na baridi ya Vadodara haijakurudishia kile kikohozi. Sisi hatujambo. Mama bado anabandua nyuzi za tiara kwenye mpera, na Baba anamwambia kila mpita njia kwamba alizikata tiara za mtaa mzima, ingawa ulimwona mwenyewe, yake ndiyo iliyokatwa kwanza. Mimi sijazoea kukaa bila shule. Asubuhi naamka natafuta sare.

Dada, uliponipigia simu kuniuliza niliweka nini katika undhiyu ya mama mkwe wako, ile mboga ya chungu cha kufukiwa tunayopika kila sikukuu ya tiara, nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Nimeona niandike, maana kwenye simu ulimi wangu hufungwa.

Ulisema kila ukimpikia anaonja, anasukuma sahani, anasema, “Mkono wa mdogo wako una kitu. Wewe unanibania tu.” Na wifi zako wanatania kwamba mkubwa alipewa sura, mdogo akapewa jiko. Ulicheka, lakini kicheko hakikutoka moyoni.

Unakumbuka alipofika siku ile, hata viatu hajavua, aliniita pembeni. Alisema tangu mumewe afariki anaishika sana dini yao, hajaonja kitu kinachoota chini ya ardhi. Ukichuma kunde, mmea unabaki; uking'oa kiazi, umeua mmea na vijidudu vyake vyote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, chungu chake kiko peke yake. Na kweli nilivifukia viwili, vimepinduliwa, moto juu: chetu chenye viazi vikuu vya zambarau, viazi vitamu na mbatata pamoja na mboga nyingine, na chake chenye ndizi mbichi, biringani, maharagwe mabichi na vidonge vya unga na majani ya uwatu tu. Kitunguu saumu hatukukitia hata chetu, kwa heshima yake. Mama aliniachia kazi yote, akasema sasa nimeshakuwa mtu mzima.

Mlipokuwa darini na tiara zenu, nilifukua. Chungu chake kilikuwa kimepasuka. Majivu yameingia mpaka chini, biringani nyeusi kama mkaa. Baba akapaza sauti kutoka juu, “Nirali! Unatulisha, au tuzitafune hizi tiara?” Mama mkwe wako, aliyekuwa amekaa uani kwenye kitanda cha kamba, akamjibu, “Mwacheni mtoto! Chakula cha haraka hakina baraka.”

Pengine angenikemea ningesema. Kulikuwa na wali na dengu, asingelala njaa. Lakini alinitetea, nikaona haya.

Nikageukia chungu chetu, nikaanza kuchambua. Kila kiazi nilikitoa kwa mkono, hata vipande vidogo kama punje, mpaka vidole vikawa vya zambarau. Nikabakiza alivyoruhusiwa, nikampelekea, huku nikijiambia kwamba mizizi haimo. Lakini mafuta yale yalikuwa yameiva na viazi asubuhi nzima.

Alikula, akaomba tena. Akaviona vidole vyangu. Nikasema nilikuwa nikimenya viazi vya akina Baba. Akacheka, “Basi kanawe vizuri, usije ukanitia dhambini.” Nikaenda kunawa, Dada. Niliporudi mlikuwa mmeshuka, naye alikuwa amekushika bega, anakuita binti yangu, kwa mara ya kwanza tangu uolewe.

Hicho unachokitafuta jikoni kwako si mkono wangu. Ni viazi. Usijilaumu tena, wala usipike tena ukiitafuta ladha hiyo.

Naogopa atakunyang'anya lile jina, na litakuwa kosa langu. Hata hivyo nakuomba umsomee barua hii yote, usiipunguze makali. Kila mwaka mfungo wa dini yao unapoisha hututumia salamu, anatuomba msamaha kwa aliyotukosea kwa kujua na kwa kutojua. Mfungo uko mbali, siwezi kuungoja. Mwambie namwomba msamaha leo, kwa nusu moja tu ya maneno yake. Mimi nilijua.

Msalimie shemeji. Mama anakutumia achari ya maembe. Ameitengeneza yeye, mimi sikuigusa.

Mdogo wako akupendaye,
Nirali