Nusu Saa ya Kidonge

Bweni,
Kisiwani Mafia.
Jumatatu, 19 Mei 2025

Mpendwa kaka Taufiki,

Shikamoo kaka yangu. Nakuamkia nikiwa kitini, si kitandani, na kwa nini nalitaja hilo utaelewa mbele. Pumu yako inaendeleaje na mvua hizi? Wifi Biubwa hajambo? Cherehani chako bado kinalia, au macho yamekataa uzi? Mie, alhamdulillahi, napumua, nala, nasikia kila kinachosemwa nje ya dirisha langu. Afya yangu ndiyo hiyo.

Utashangaa kuletewa karatasi wakati simu zipo. Simu yako ikiingia huku anapokea mwanangu Hafidhi, anaweka sauti ya juu, na nyumba nzima inasikiliza. Nitakubishia vipi wewe, mkubwa wangu, mbele ya watoto? Ndiyo maana kila ukiniuliza najibu "sijambo, sijambo" tu. Leo nasema la moyoni. Nimefungwa, kaka. Na aliyenifunga ni wewe.

Usiitupe barua. Soma.

Unajua Mbaraka wangu alivyofariki Desemba, ukaja kumzika, ukaniacha naingia eda. Nilikaa eda yangu kwa heshima zote, chumbani, jua nikiliona dirishani tu. Mgongo uliniuma siku nyingi, nikasema ni majonzi, na ni kukaa. Siku niliyotoka, nimeshakoga, nimevaa nguo mpya, nikaona ndoo ya maji iko mlangoni, nikainama niinyanyue. Ndoo tu kaka, tena haikujaa. Kitu kikalia ndani ya mgongo, kah! Nikakaa chini papo hapo na nguo yangu mpya.

Hospitali walinipiga picha, wakasema pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea. Dakta Benedicta, yule binti wa bara, alinieleza kwamba mifupa yangu imepungukiwa: nje unaiona mizima, ndani matundu yamekuwa makubwa. Nikamuuliza, kama mkate wa kumimina? Akacheka, akasema ndiyo hasa. Inawapata sana wanawake tukishafika umri fulani, kwa sababu za kike ambazo sitakuandikia wewe, muulize wifi. Kumbe ugonjwa wenyewe hauumi wala hausemi. Unakula taratibu miaka na miaka, mpaka siku utakayonyanyua ndoo.

Akanipa masharti, na Hafidhi yupo pale. Nilale siku chache maumivu yatulie, kisha niinuke. Nitembee kidogo kidogo na mkongojo, niote jua la asubuhi, nile dagaa na miiba yao, maziwa, mboga za majani. Nisiiname kunyanyua vitu, na nijihadhari nisianguke. Mfupa, alisema, unataka kuubeba mwili ndiyo upate nguvu. Ukimlaza mtu, mifupa yake inazidi kuisha.

Jioni ile ukapiga simu. Hafidhi akakueleza kwa hofu zake. Ya kuanguka aliyakumbuka, ya kuinuka akayasahau. Nilikuwa nimelala palepale, nikakusikia kwa masikio yangu: "Dada yangu asikanyage chini mpaka niseme." Hukumbuki. Najua hukumbuki, maana ulipotoka hapo ukaanza kuuliza bei ya nazi. Lakini huku neno la mjomba ndilo sheria. Nikitia mguu chini tu, Furaha, mke wa Hafidhi, anakuja mbio: "Mama, mjomba hajasema!"

Basi nimetoka eda nikatiwa eda nyingine. Ile ya Mbaraka nilijua itaisha lini. Hii mwisho wake uko mdomoni mwako, na wewe umeshasahau.

Wananirudisha kulala. Nitaendelea.

Jumatatu, 26 Mei

Naendelea. Labda unajiuliza kwa nini kila mara ni Jumatatu. Nina kidonge cha kuimarisha mifupa, kinamezwa mara moja kwa wiki, asubuhi, tumbo tupu, kwa bilauri ya maji matupu. Ukishakimeza ni marufuku kulala kwa nusu saa, kinaunguza koo. Marufuku! Daktari alipokitaja sikujua nitakuja kukipenda hivi. Jumatatu Furaha hana ujanja, lazima aniketishe kitini karibu na dirisha. Naona kuku, naona minazi ya jirani, naona watu wakienda zao na miguu yao. Kisha nusu saa inakwisha, analeta mto, nalazwa mpaka Jumatatu nyingine.

Sitaki umfikirie Furaha vibaya. Ananipenda mpaka inachosha. Wale dagaa nilioambiwa niwale na miiba, yeye anakaa kuwachambua mmoja mmoja, anatoa vichwa, anatoa miiba, ati nisije nikapaliwa. Miiba wanakula kuku. Wallahi, kuku wa nyumba hii watakuwa na mifupa ya chuma! Na pazia analishusha asubuhi nisipigwe na jua. Hata nifanyeje, nikisema naonekana mkaidi, nikinyamaza naonekana nimeridhika.

Juzi nilijaribu. Furaha alikuwa kisimani. Nikashika ukuta, nikasimama, magoti yakatetemeka kama ya ndama. Miguu imekuwa myembamba, siijui kama ni yangu. Nilifika mlangoni nikaogopa, nikarudi kitandani nikalia. Sikulia kwa maumivu, mgongo umetulia sana sasa. Nililia kwa sababu nilielewa kwamba tukienda hivi, siku utakayosema "haya, ainuke", hakutakuwa na mtu wa kuinuka. Unamkumbuka mama alivyoanguka chooni, akalazwa, akahudumiwa kwa kila kitu, asinyanyuke tena? Tulisema uzee. Naogopa, kaka. Naogopa sana.

Nilitakiwa kurudi kwa Dakta Benedicta mwezi huu. Hafidhi anasema barabara ya huku ina mashimo, mgongo utamalizikia njiani, tusubiri mjomba atasemaje. Mjomba, mjomba! Kila mlango nikiugusa nakukuta wewe.

Jumatatu, 2 Juni

Leo naandika haraka. Mwalimu Brightness, jirani yetu, anakwenda likizo kwao Muheza, na amekubali kufika mpaka Tanga kukukabidhi barua hii mkononi.

Kuna jambo limenikosesha raha wiki nzima. Ulipokuja msibani uliwachekesha watu kwamba siku hizi, fundi mzima, unapunguza suruali zako mwenyewe maana zinaburuta chini. Ukasema vitambaa vya sasa vinarefuka vikifuliwa. Wee kaka! Kitambaa gani hicho? Dakta Benedicta aliniuliza kama magauni yangu ya zamani yamekuwa marefu. Yamekuwa marefu. Akasema mtu mzima akifupika, mara nyingi ni pingili za mgongo zinabonyea, wala si wanawake peke yao. Akaniuliza kama kwetu kuna mwingine anayepinda mgongo, au aliyemeza muda mrefu vile vidonge vikali vya pumu, maana navyo vinapunguza mifupa. Nikamjibu hapana. Nilizisahau suruali zako, na vidonge vyako vya pumu.

Nenda ukapimwe, kaka yangu. Vidonge usiviache kwa kichwa chako, pumu haina mchezo, muulize daktari kwanza. Mwambie na habari ya suruali, usione haya. Na masharti yote uyasikie wewe mwenyewe kabla wanao hawajayasikia, maana wakishaogopa watakulaza, na huko Tanga huna mjomba wa kukusemea.

Mimi ninaye. Nisemee. Piga simu, Hafidhi aweke sauti ya juu kama kawaida yake, nyumba nzima isikie. Huna haja ya kueleza sana wala kuniomba radhi. Sema tu, "Mize ainuke." Furaha atanishika mkono huu, mkongojo utakuwa mkono huu, na siku nikiweza nitavuka ua huu kwa miguu yangu, niende kaburini kwa Mbaraka. Tangu wamzike sijafika.

Msalimie wifi Biubwa, mwambie naye akaulizie mifupa yake, asitegemee maziwa ya chai. Msalimie Zubery wako na mkewe. Hafidhi na Furaha wanakusalimu sana. Wanadhani nakuandikia salamu tu. Mwenyezi Mungu akupe pumzi, aunyooshe mgongo wako, na atukutanishe wote wawili tukiwa tumesimama.

Huyo Furaha anakuja na mto. Sema, kaka.

Dada yako akupendaye na anayekungoja,

Mize