Majalada ya Hitima ya Rafat

Yakutpura, Hyderabad
Alhamisi

Dada yangu mpendwa Tasnim,

Assalaam alaikum. Natumai goti limepata nafuu na watoto hawajambo. Sisi wazima, Mungu ashukuriwe, ila Baba masikio yamekuwa mazito, anasikia anachotaka.

Unajua tangu ndugu yetu Rafat afariki, Baba amekataa asisomewe hitima humu nyumbani. Alisema aliyeoa bila yeye na azikwe bila yeye, akazifungia juzuu zetu za Kurani kabatini. Mwaka unakaribia kwisha, na mimi moyo hautulii nikifikiri kaka yetu hajasomewa na watu wake.

Basi nikaomba msikitini juzuu kuukuu zilizokuwa stoo. Majalada yote yamechanika. Binti yangu Sabiha akasema karatasi za kuzivisha tutatengeneza wenyewe, shuleni wamefundishwa. Akachukua povu la kunyolea la baba yake, akalitandaza kwenye sinia kama anayepaka siagi, akadondosha wino mwekundu na wa buluu, akauvurugavuruga kwa meno ya kitana. Unalaza karatasi juu, unaiinua, unakwangua povu kwa rula, na mawimbi ya rangi yanabaki kwenye karatasi. Nikaishika kazi mwenyewe. Mume wangu akanuna, akasema ataenda ofisini kanyoa shavu moja, watu wadhani ametubu nusu.

Nikaingiwa na wasiwasi kama povu la ndevu linafaa kuvishia Kitabu. Nikamwuliza imamu. Akasema hiyo ni sabuni tu, bibi wewe. Ingekuwa najisi, safu ya kwanza yote angeifukuza. Hata hivyo sikugusa sinia bila udhu.

Sasa nikwambie ninalolizungukazunguka. Hitima tumekwisha kuisoma, Jumapili, humu humu, Baba akiwa amelala chumbani. Juzuu Amma ilikosekana, si unajua watoto wanavyoichakaza kwa kujifunzia, na wanawake wakawa wanasukumiana nani aisome kwa moyo. Mara Baba akatokea mlangoni na fimbo yake. Akauliza hitima ya nani. Wote wakainamia juzuu zao. Nikamjibu, ya Rafat. Akageuka, akaenda zake. Jirani yangu Parvin akaninong'oneza nikafunge virago mapema, kwake kuna kitanda. Kisha tukasikia kabati linafunguliwa. Baba akarudi na Juzuu Amma yetu, akakaa pale pale penye viatu, akaisoma mwenyewe mpaka mwisho, sauti ikikwama kwenye sura fupi kabisa, zile alizotufundisha tukiwa wadogo. Alipomaliza akanikabidhi, akasema niivishe kama zile nyingine.

 Leo wakati wa chakula, wali ulipokaribia kwisha, ndipo akauliza kama wewe umeambiwa. Nikasema nitakuandikia. Akasema niandike leo leo, nisingoje.

Msalimie shemeji, na watoto wabusu kwa niaba yangu. Mungu akulinde, akupe wepesi wa kuja.

Mdogo wako akupendaye,
Kudsia