Walivyokuimba Kama Marehemu

Kaka mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Naomba zikukute mzima, na kile kifua kiwe kimepoa. Mimi sijambo. Bado nipo chumba cha kufulia hospitalini, napiga pasi mashuka mpaka mikono inanuka sabuni hata siku ya mapumziko. Anayekuletea barua hii ni mume wa shoga yangu, dereva wa lori. Anajua wewe ni binamu yangu tu. Mpe chai, jina usimpe.

Kaka, mashairi yako yameimbwa. Mwalimu wetu wa kwaya aliyatungia muziki kimyakimya, akatufundisha kwenye bwalo la shule, madirisha yamefungwa, jasho linatutiririka. Wanakwaya hawajui kuwa wewe ni ndugu yangu, maana tangu niolewe natumia jina la mume. Jamaa mmoja wa sauti nzito alinishauri niimbe kwa uchungu zaidi, eti labda sielewi mshairi alipitia nini. Nikamjibu nitajitahidi.

Jumamosi ukumbi ulifurika, wengine wakakaa kwenye ngazi. Tulipofika pale ulipoandika, "Mmetufunga midomo, masikio mmeyasahau; tunawasikia mnavyoogopa," watu walisimama bila kuambiwa. Hata wale wanaume wa usalama waliokaa nyuma ilibidi wasimame, wasije wakajulikana.

Kisha mwalimu akawageukia watu, akasema taratibu, "Tumkumbuke kwa ukimya marehemu aliyetuachia maneno haya."

Ukumbi mzima ukainamisha vichwa. Na mimi nikainamisha, kaka. Wenzangu walilia wakashikana mikono, lakini mimi machozi yaligoma. Ningekuliliaje wakati sweta yako iko nyumbani, bado mkono mmoja sijaumaliza kufuma? Baadaye walikwenda kula pamoja, kila mmoja akisimulia jinsi alivyowahi kukuona. Nikasingizia kichwa kinaniuma. Nilirudi chumbani kwangu, nikapasha chai ya asubuhi, nikainywa nimesimama.

Sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Aliyekuua ni mimi.

Wale wa usalama walinifuata tena kazini, miezi michache iliyopita. Mkubwa wao alikalia rundo la mashuka safi, akasema safari hii hataondoka bila kujua uliko. Nikamwambia, "Mnamtafuta maiti. Kifua kilimmaliza, akazikwa hukohuko ugenini." Nililia kwa hofu, wao wakadhani ni msiba. Hawajarudi tena. Habari ikatoka kwao ikaenea mjini, na kibali cha onyesho, ambacho mwalimu alikuwa ananyimwa kila akienda kuomba, kikatolewa. Nadhani waliona mshairi aliyekufa hana madhara.

Kwa hiyo usije, kaka, hata ukisikia mambo yametulia. Wala usichapishe kitu kwa jina lako. Najua nakuomba nini. Ukiandika shairi, nitumie mimi. Nitalisoma kwa sauti nikiwa kwenye mashine za kufulia, pale hakuna anayesikia kitu.

Msalimie mama mwenye nyumba wako, mwambie asikuache utoke bila kufunika kifua. Sweta nitaituma ikikamilika. Mji mzima unakukumbuka. Anayekungoja ni mimi peke yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Chiriku